Kitabu cha kusalia au cha kusomea? Namna ya kuchagua kitabu cha Kikristo usije ukajuta

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili tuelewane mapema. Nilipoanza kusoma teolojia nilipewa asaimenti kuhusu umwilisho, yaani Mungu kufanyika mtu, nami nikajifanya mjanja nikaenda moja kwa moja kwa Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, kwenye ile Summa yake, kitabu chake kikubwa cha teolojia, sehemu ya tatu, swali la 1, kifungu cha 3. Pale anauliza hivi, kama binadamu asingetenda dhambi je Mungu angefanyika mtu? Aya ya kwanza inasema inaonekana angefanyika tu hata bila dhambi. Nikafurahi, nikaiandika kwa mbwembwe "Tomaso anafundisha kwamba..." na tanbihi nikaweka chini. Karatasi ikarudi na wino mwekundu pembeni: hili ni pingamizi, endelea kusoma. Kumbe bwana ndo mtindo wake, anaanza na hoja za upande unaompinga, anazipanga vizuri kabisa utadhani ni zake, afu ndo anakuja na "lakini kinyume chake" na "najibu", na kwenye jibu lenyewe anasema ni afadhali kusema Mungu alifanyika mtu kwa ajili ya dhambi maana Maandiko yanaitaja dhambi kila mahali kuwa ndo sababu. Yaani nilimwekea mdomoni maneno aliyokuwa anajiandaa kuyapangua.

Kosa la kinyume nalo nimeshalifanya. Kwaresima moja nikasema ntausoma Waraka kwa Warumi kwa kutafakari, nikachukua komentari, yaani kitabu cha kufafanua Biblia mstari kwa mstari, tena nzito yenye Kigiriki kila mstari. Mpaka Pasaka inafika niko sura ya 3, naweza kubishana na yeyote kama yale maneno ya mstari wa 22 maana yake ni imani yetu kwa Yesu au uaminifu wa Yesu mwenyewe, ila kusali sijasali hata siku tatu mfululizo.

Vitabu vyote viwili ni vizuri sana, ni mimi nilivipa kazi isiyo yake. Kwa hiyo hatua ninazoandika hapa hazihusu kitabu kipi ni bora kuliko kingine, zinahusu kazi unayotaka kitabu kikufanyie.

HATUA YA 1: MALIZIA SENTENSI HII KWANZA

Kabla hujagusa kitabu chochote chukua karatasi uandike "Nakitaka hiki kitabu ili ni..." umalizie kwa kitenzi. Sio nomino. Ukiandika "maarifa" au "kukua kiroho" hujasema kitu bado. Nisali vizuri zaidi asubuhi. Nielewe kwanini tunabatiza hivi na wale wanabatiza vile. Niandike kurasa kumi kuhusu mtaguso wa Nikea. Nimjibu mdogo wangu anayeniuliza kama Injili zinaaminika. Nifundishe vijana jumapili nne. Hizo ni kazi tano tofauti na kila moja ina kitabu chake, na mtu akikuuliza "nipendekezee kitabu kizuri cha Kikristo" bila kitenzi usimjibu, mrudishie swali.

Sasa angalia vizuri, wengi wanadhani kuna makundi mawili tu, cha kiroho na cha kitaaluma. Kuna la tatu linasahaulika na mara nyingi ndo unalolihitaji. Hilo ni la vitabu vya mafundisho, katekisimu na ndugu zake. Mtu anasema anataka kusoma teolojia kwa kina, ukimchimba unakuta anachotaka ni kujua kanisa lake linaamini nini kuhusu Roho Mtakatifu. Huyo usimpe Karl Barth, mwanateolojia wa Uswisi, utamuua bure, ile kazi yake ya dogmatiki, yaani mafundisho ya kanisa, ilitoka vipande vipande kuanzia 1932 na ikafika vitabu 13 vinene na bado hakuimaliza. Mpe katekisimu. Mkatoliki ana Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, Mlutheri ana Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529, watu wa mapokeo ya Kalvini wana ile ya Heidelberg ya 1563 ambayo ina maswali 129 yaliyogawanywa kwenye jumapili 52, yaani mwaka mzima umeshapangiwa. Hivyo havina mbwembwe, vinajibu, unaendelea na maisha.

HATUA YA 2: JUA KITABU KINATAKA NINI KUTOKA KWAKO

Kuna kitabu kinataka uamini kwanza afu ukae nacho kimya, na kuna kitabu kinataka ubishane nacho. Kile cha kwanza ukikibishia kila aya kinakufa mikononi mwako, na cha pili ukikiitikia amina kila aya umekwisha, ndo yaliyonikuta.

Ila usidhani jina la kitabu linatosha kukuambia. Chukua Maungamo ya Agostino, yule askofu wa Afrika Kaskazini, yaliandikwa karibu na mwaka 397 hadi 400, ni vitabu 13 ndani ya kimoja. Kitu kizima kiko kwenye mfumo wa sala, anamwambia Mungu "wewe" tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, msomaji yuko pembeni anasikiliza. Kwa hiyo ni cha kusali? Ndiyo, ukianza kitabu cha 1 hadi cha 9 ambako anasimulia maisha, wizi wa mapeari akiwa kijana, kifo cha rafiki yake, ile bustani ya Milano mwaka 386 aliposikia sauti ya mtoto ikisema "chukua, soma", mama yake Monika kufa. Kitabu cha 10 kinageuka kinaingia kwenye kumbukumbu na nafsi, cha 11 ni wakati ni nini, cha 12 na 13 ni ufafanuzi wa mwanzo wa Mwanzo. Mtu aliyekuja kusali akifika hapo anajiona mjinga, anafunga kitabu, anajilaumu kwamba imani yake ndogo. Hapana ndugu, umeingia tu chumba kingine cha nyumba ile ile. Ishia cha 9, nenda mpaka cha 10 ukijisikia, hivyo vitatu vya mwisho viache mpaka siku utakayokuwa na swali navyo.

Mwanafunzi naye akisoma Maungamo anasoma kwa njia nyingine kabisa, anauliza Agostino alikuwa anajibizana na nani, Wamanikayo, wale wa dini aliyoifuata ujanani, wako wapi humu ndani, wanafalsafa wa Plato wako wapi, kwanini askofu wa makamo anaandika ujana wake hivi na sio vile. Na anahitaji toleo lenye namba za ndani. Ile habari ya bustani iko 8.12.29, yaani kitabu cha 8, sura ya 12, aya ya 29, na namba hizo hazibadiliki hata kama tafsiri ni tofauti, kwa hiyo mwalimu wako anaipata kokote aliko. Toleo lililorahisishwa ambalo limefuta namba zote ni zuri sana kwa mto wa kitandani. Kwenye asaimenti halikusaidii kitu.

Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani enzi za Hitler, ni hivyo hivyo. Kile kitabu chake kuhusu kumfuata Kristo cha 1937, chenye maneno ya "neema ya bei rahisi", watu wanakisoma kama ibada na kinafaa, ila kilizaliwa wakati anaandaa wachungaji kwenye seminari ambayo Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, waliifunga mwaka huo huo, na yeye mwenyewe akaja kunyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Unaweza ukasali nacho bila kujua hayo, ila kukiandikia bila kujua hayo haiwezekani.

HATUA YA 3: DAKIKA TANO NA KITABU MKONONI

Hapa ndo pa kukaa kidogo. Kiwe cha karatasi au PDF kwenye simu, fungua kwa mpangilio huu.

Anza na ukurasa wa haki miliki, ule nyuma ya ukurasa wa jina, ambao hakuna mtu anausoma. Tafuta mwaka. Sio mwaka wa kuchapwa tena, mwaka wa kwanza. Mtego mkubwa uko hapa. Unakuta komentari ya Matthew Henry ina kava linang'aa, imechapwa juzi, unadhani ni kitu kipya. Matthew Henry alifariki 1714. Tena alikuwa amefika mwisho wa Matendo ya Mitume tu, kuanzia Warumi hadi Ufunuo walimalizia wachungaji wengine baada yake. Kwa hiyo ukiandika "Matthew Henry anasema kuhusu Warumi 8" umeshakosea kabla hata hujanukuu. Kwa tafakari kile kitabu ni hazina mpaka leo, mwenyewe ninacho. Kwa kazi ya kitaaluma kumbuka tu kwamba kimeandikwa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya magombo ya Qumrani, hati za kale za mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, kuanza kupatikana mwaka 1947, na magombo yale yametupa nakala za Agano la Kale za Kiebrania zilizozeeka kwa karibu miaka 1,000 kuliko tulizokuwa tunazitegemea. Sio kosa lake, hakuwa nazo.

Kwenye ukurasa huo huo vitabu vya Kikatoliki vingine vina maneno ya Kilatini, Nihil obstat na Imprimatur. La kwanza ni kwamba hakuna kinachozuia, la pili ni kichapwe. Maana yake kuna mtu kakagua hajaona fundisho linalopingana na imani ya Kanisa. Haina maana askofu anakubaliana na kila wazo la mwandishi, na wala haina maana kitabu ni kitamu, kuna vina Imprimatur na vinaletea usingizi balaa.

Afu nenda yaliyomo, halafu dibaji. Dibaji watu wanairuka na ndo sehemu ambayo mwandishi mwaminifu anakuambia kitabu chake HAKIFANYI nini. Mwandishi C. S. Lewis kwenye kile kitabu chake cha Ukristo wa msingi (Mere Christianity) kilichotoka 1952, ambacho kilianza kama mazungumzo ya redio ya BBC wakati wa vita, anasema kabisa pale mwanzo kwamba yeye ni mlei wa kawaida na hatamsaidia mtu anayetaka kuchagua kati ya madhehebu mawili. Sasa mtu anakisoma chote afu analalamika mbona hajasema ubatizo upi sahihi. Aliambiwa mlangoni.

Mwisho pindua nyuma kabisa. Kuna faharasa? Kuna tanbihi? Tanbihi zinataja nani? Kama kwenye kitabu kizima mwandishi anajitaja mwenyewe na vitabu vyake vingine tu, huyo yuko peke yake chumbani anaongea na kioo. Kwa kitabu cha sala kukosa tanbihi sio dhambi, Ndugu Laurent, mtawa wa jikoni kwa Wakarmeli wa Paris, hakuandika tanbihi hata moja, barua zake na mazungumzo yake walikusanya watu baada ya yeye kufa 1691 na bado wanamsoma. Ila kitabu kinachojiita utafiti na hakina tanbihi, weka chini.

Yale maneno ya kava la nyuma, ya fulani kukisifia, hayo ni tangazo. Pita.

HATUA YA 4: MWANDISHI AMESIMAMA WAPI

Kila mtu amesimama mahali. Mkatoliki, Mpentekoste, Mwanglikana, Msabato, Morthodoksi, wote wanaandika kutoka kwao na hakuna ubaya, ubaya ni wewe kutojua. Mfano mdogo tu: ukikuta kitabu kinanukuu Yoshua bin Sira au Hekima kama Maandiko, mwandishi anatumia Biblia ya vitabu 73, na kama wewe ni wa vitabu 66 utashtuka bure ukadhani kazua. Kwa sala mi naruhusu kuvuka mipaka sana, Teresa wa Avila, mtawa Mkatoliki wa Hispania, na kitabu chake Jumba la Ndani cha 1577 kimewalisha watu wa makanisa ambayo yeye angeyaona ya wazushi, na Bunyan, mhubiri Mprotestanti wa Uingereza, wa Safari ya Msafiri ya 1678 anasomwa na watu ambao yeye asingekaa nao benchi moja. Ila mwanzoni kabisa mwa imani yako, kaa karibu na nyumbani kwanza, jua kwenu wanasema nini, afu ndo utoke.

Kuhusu vyeo. "Dkt." mbele ya jina, uliza daktari wa nini na wa wapi. Lewis mwenyewe alikuwa msomi wa fasihi, sio mwanateolojia, na hakuficha. Mtu aliyesomea uhandisi anaweza kuandika kitabu kizuri cha ushuhuda, sawa kabisa, lakini akianza kukuambia Kiebrania kinasema hivi na hivi, hapo omba uthibitisho.

Na vile vitabu vya "nilienda mbinguni nikarudi". Najua vinapendwa. Kuna kimoja cha Marekani kilitoka 2010, cha mtoto aliyepata ajali ya gari, kikauzwa sana, na mwaka 2015 yule kijana akajitokeza kusema hadharani kwamba hakwenda popote, alisema vile ili watu wamwangalie, na mchapishaji akakiondoa sokoni. Sisemi kila ushuhuda ni uongo. Nasema usijenge fundisho juu ya ndoto ya mtu, na kwenye kazi ya darasani usikinukuu kabisa isipokuwa kama mada yako ni vitabu vya namna hiyo vyenyewe.

HATUA YA 5: LUGHA NA TAFSIRI

Hii fupi. Lugha unayotubia dhambi zako ukiwa peke yako ndo lugha ya kitabu cha sala. Kama ni Kiswahili basi tafuta cha Kiswahili hata kama rafiki zako wote wanasoma Kiingereza, maana kusali huku unatafsiri kichwani ni kama kula huku unahesabu tonge. Kitaaluma ni tofauti, soma lugha ambayo mjadala upo, na ukiweza kidogo Kigiriki, Kiebrania au Kilatini hata cha kusoma alfabeti tu na kutumia kamusi, umeshapiga hatua.

Biblia nayo ni kitabu cha kuchagua. Union Version ya 1952 ina mdundo, mistari imeshakaa vichwani mwa watu, kwa kukariri na kusali ni ngumu kuipiku. Habari Njema inasomeka haraka na inafaa ukitaka kufuata hoja ya sura nzima ya Paulo bila kujikwaa. Kwa kazi ya darasani weka zote mbili mezani, zikitofautiana hapo ndo penye swali la kwenda kuchimba.

HATUA YA 6: KOMENTARI, MAANA HAPA NDO PESA NYINGI ZINAPOTEA

Komentari zina ngazi tatu. Ya juu inashughulika na lugha za asili, nakala za kale, nani kasema nini tangu karne ya pili, mistari kumi inakula kurasa hamsini. Ya kati inakupa matokeo ya hiyo kazi kwa lugha ya kawaida, Kigiriki kidogo na mara nyingi kimeandikwa kwa herufi zetu. Ya chini inakwenda kwenye maisha, mahubiri, maombi. Mtego ni kwamba zote zinaitwa komentari.

Namna ya kuzijua bila kusoma sana: chagua mstari mmoja mgumu unaoujua, halafu fungua hapo hapo kwenye kila komentari. Mi natumia Warumi 3:22 kwa sababu ya ile Kwaresima yangu. Ya juu itakaa kurasa kadhaa kwenye "imani ya Yesu Kristo", itataja majina ya pande zote. Ya kati itakuambia kuna maoni mawili na mwandishi anaelekea wapi na kwanini. Ya chini itakuambia mwamini Yesu. Zote tatu zimesema kweli! Ila sasa unajua umeshika ipi.

Anayehubiri na kufundisha achukue ya kati, kwa sababu akichukua ya juu watu watalala na akichukua ya chini atakuwa anarudia mahubiri ya mtu mwingine. Ile komentari ya Afrika ya juzuu moja ya 2006 iliyohaririwa na Tokunboh Adeyemo, waandishi 70 wa Kiafrika, ni ya kati kuelekea chini, inagusa mambo kama mababu na uchawi ambayo komentari nyingi za kizungu zinayapita kama hayapo, ila kwa asaimenti isiwe peke yake.

Kwa mwanafunzi kanuni yangu ni vitatu, kimoja cha karibuni, kimoja cha zamani, na kimoja ambacho hakikubaliani na hivyo viwili. Hicho cha tatu ndo watu hawakitafuti. Kila kitabu chenye jina kina watu waliokijibu. Angalia John Mbiti, kasisi wa Kianglikana, kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilichukua maneno yetu kabisa, Sasa na Zamani, kuelezea kwamba fikra ya Kiafrika kijadi haina wakati ujao wa mbali. Ukisoma yeye tu utaandika kana kwamba jambo limekwisha. Wanafalsafa Waafrika wengine walimpinga, Kwame Gyekye mmojawapo, na mwalimu wako anajua hilo, anasubiri kuona kama na wewe unajua.

Na nukuu za kwenye mitandao usiziguse mpaka uone ukurasa. Ile ya Fransisko wa Asizi ya kuhubiri Injili kila wakati na ikibidi utumie maneno, nzuri mno, nimeisikia kwenye mahubiri mara ngapi sijui. Haipo kwenye maandishi yake.

HATUA YA 7: CHANGANYA KALE NA JIPYA, NA VYA BURE UVIJUE

Lewis aliwahi kuandika utangulizi wa tafsiri ya kitabu cha Athanasio, askofu wa karne ya nne, kuhusu umwilisho, mwaka 1944, humo anashauri ukimaliza kitabu kipya usianze kingine kipya mpaka usome cha kale katikati, na ikikushinda basi angalau cha kale kimoja kwa kila vipya vitatu. Sababu yake inaeleweka, kila kizazi kina upofu wake, na waandishi wa leo wote tuna upofu ule ule hata tunapogombana, kwa hiyo hatuwezi kusahihishana vizuri. Watu wa zamani nao walikosea, ila sio makosa haya haya ya kwetu.

Uzuri ni kwamba vya kale vingi ni bure na halali, haki miliki zimeisha. Tovuti za Project Gutenberg, Internet Archive, na ile maktaba ya Christian Classics Ethereal Library wanavyo vingi, pamoja na ule mfululizo wa mababa wa Kanisa wa karne ya 19 wenye juzuu 38. Tatizo la bure ni hilo hilo la mwaka, tafsiri ni za enzi hizo, Kiingereza chake kigumu kama mfupa, na wakati mwingine matini ya asili waliyotumia imeshaboreshwa. Kwa kusali komaa nazo tu. Kwa kazi ya darasani tumia hizo kutafutia, ukishapata mahali nenda katafute tafsiri ya karibuni maktaba uhakikishe kabla ya kunukuu. Na PDF za vitabu vipya zinazozunguka kwenye magrupu, kitabu cha kukufundisha utakatifu umekiiba... mi sina la kuongeza hapo.

HATUA YA 8: KIJARIBU KABLA HUJAJIFUNGA NACHO

Cha sala: ukurasa mmoja, polepole. Wamonaki wana njia yao ya zamani, Guigo wa pili wa shirika la Wakartusi aliiandika karne ya 12 kama ngazi yenye vidato vinne, soma, tafakari, sali, tulia mbele za Mungu. Jaribu vidato hivyo na ukurasa mmoja tu wa kitabu unachokifikiria. Kama baada ya kusoma umepata neno moja la kukaa nalo, chukua. Kama umepata tu hamu ya kujua mwandishi ataendelea vipi, hicho ni kitabu kizuri cha kusoma kwenye basi, sio cha sala. Kama kimekuacha na hofu na hatia siku tatu mfululizo, achana nacho hata kama kimeandikwa na mtakatifu, au kisome na mtu aliyekutangulia.

Cha kitaaluma: soma utangulizi na sura ya mwisho, funga, andika sentensi mbili, anadai nini na anampinga nani. Ukishindwa kuandika, moja kati ya mawili, kitabu hakina hoja au wewe bado hujafika ngazi yake, na la pili likiwa ndo ukweli hakuna aibu, shuka ngazi moja utafute cha utangulizi kwenye mada hiyo. Mi nilishuka ngazi mbili kabla ya kurudi kwa Tomaso.

HATUA YA 9: DAFTARI MBILI

Usisome vyote viwili kikao kimoja. Kila kimoja na muda wake na daftari lake, la sala halina namba za kurasa na halisomwi na mtu mwingine, la masomo kila sentensi ina jina la mwandishi, toleo na ukurasa hapo hapo unapoandika, sio "nitaweka baadaye", maana hiyo baadaye ni saa nane usiku kabla ya kukusanya kazi. Ikitokea kitabu cha masomo kimekugusa moyo, na itatokea, andika mstari mmoja uhamishie kwenye daftari la sala uendelee na kazi. Utaukuta asubuhi.

Na kama unaenda kwa Tomaso, kabla hujasoma neno lolote chukua penseli upite kifungu kizima uweke herufi P pembeni ya kila pingamizi, halafu uanze kusoma kwenye "najibu".